Nusu ya Mwimbishaji

Filamu ya The Constant Gardener ilitoka mwaka 2005. Ni hadithi ya dawa zinazojaribiwa kwa maskini, na ya mwanadiplomasia Mwingereza anayezifuata nyayo za mkewe aliyeuawa, kutoka Nairobi hadi Ziwa Turkana. Watu wanazungumza sana humo, na karibu wote Kiingereza. Kisha husikika mwanamume anaimba Kidholuo, bila haraka, juu ya nyuzi nane za nyatiti. Wimbo ni "Kothbiro" na mwimbaji ni Ayub Ogada. Mtazamaji asiyejua Kidholuo huupokea kama wimbo wa maombolezo, kwa kuwa filamu yenyewe inaomboleza. Lakini maneno yake hayamlilii mtu. Yanasema mvua inakuja, ng'ombe warudishwe nyumbani.

Mtu wa Shinyalu akielezwa hivyo hatatoa chozi. Atatazama juu. Hapa tunapakana na Msitu wa Kakamega, mahali panapopata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na sehemu kubwa yake huanguka alasiri, wakati mifugo ingali malishoni. Kuwahi ng'ombe kabla ya mvua ni kazi ya mtoto yeyote aliyetoka shule. Maneno yaliyowagusa watu katika kumbi za sinema za Ulaya na Marekani ndiyo yale yale ambayo mama mmoja wa huku huyapaza kutoka mlangoni, akiwa na mwiko mkononi na hasira kidogo. Basi tuulize bila aibu: mtunzi wa maneno ya wimbo ule alitunga nini hasa?

Tumfuate kwanza yeye mwenyewe. Alizaliwa Mombasa mwaka 1956 akaitwa Job Seda. Wazazi wake walikuwa Wajaluo na walikuwa wanamuziki. Baba alipokwenda Chicago kusomea udaktari, familia ilikwenda pia, na kule wazazi wakawa wanawaimbia Wamarekani nyimbo za kwao. Mtoto yule aliona mapema sana jambo ambalo wengi wetu hatulioni kamwe: wimbo wa nyumbani ukiimbwa mbele ya watu wasioelewa hata neno lake moja, nao wakapiga makofi.

Miaka ya 1970 alikuwa Nairobi katika bendi ya Black Savage, vijana wa mjini waliokuwa wakipiga roki. Bendi hiyo ndiyo iliyoirekodi "Kothbiro" miaka mingi kabla ya filamu, na utunzi wake unabeba majina mawili, la kwake na la mwenzake James Mbarack Achieng. Mwaka 1979 alikuwa miongoni mwa walioianzisha African Heritage Band, iliyotaka kuchanganya ala za jadi na magitaa. Aliigiza pia. Mwaka 1985, kwa jina la Job Seda, alitokea katika Out of Africa kama Kanuthia, mmoja wa Waafrika wanaosimama nyuma ya Wazungu wawili wapendanao. Miaka miwili baadaye alikuwa katika The Kitchen Toto. Katikati ya filamu hizo mbili alikuwa amekwisha kuhamia Uingereza na nyatiti yake, akawa anaipiga katika stesheni za treni za chini ya ardhi za London, mbele ya watu wanaokimbilia kazini. Watu wa tamasha la WOMAD wakamsikia. Lebo ya Real World, ya mwanamuziki Peter Gabriel, ikatoa albamu yake En Mana Kuoyo mwaka 1993. Alizunguka dunia, akarudi Kenya, akakaa Nyahera nje kidogo ya Kisumu, na huko akafariki tarehe 1 Februari 2019.

Ukiyaweka maisha hayo pamoja utaona mzaha wa aina yake. Katika Out of Africa sura yake inaonekana lakini maneno aliyopewa ni machache. Miaka 20 baadaye, katika The Constant Gardener, sura haionekani, na maneno yake yanabeba uzito ambao Kiingereza cha filamu nzima kimeshindwa kuubeba. Sinema ilipomtaka awe Mwafrika wa pembeni ilimwona. Ilipomhitaji kweli, ilimsikia tu.

Lakini tusiwe wepesi wa kusema kwamba maana ya wimbo ilipotea njiani. Mpiga nyatiti wa Kijaluo hakuzoea kuimba peke yake hadi mwisho huku watu wamenyamaza. Kuna desturi ya pakruok: msikilizaji humkatiza mwanamuziki katikati ya wimbo, hutoa pesa, na kwa muda huo yeye ndiye mwenye sauti. Hujisifu, huwasifu wa kwao, hutania wengine, kisha wimbo huendelea. Wimbo umetengenezwa ukiwa na nafasi ya mtu mwingine ndani yake. Ogada alipoimba kwenye stesheni ya treni hakuna abiria aliyejua kwamba ana haki ya kumkatiza na kujisifu. Nafasi ile ilibaki wazi. Nadhani ndiyo iliyoingiliwa na mtazamaji wa sinema miaka mingi baadaye, akaijaza msiba wake mwenyewe.

Jambo hili linaeleweka vizuri zaidi Shinyalu kuliko London, kwa sababu hapa tunaishi na watunzi wa maneno ambao kazi yao haiwezi kusimama bila mtu wa kuijibu.

Waisukha wa Shinyalu na ndugu zao Waidakho wa Ikolomani wana isukuti. Ngoma ni tatu: kubwa, ya kati na ndogo, na watu huziita baba, mama na mtoto. Huchongwa kwa gogo na kuwambwa ngozi ya kenge. Pamoja nazo kuna pembe ya mnyama na njuga za chuma, na wachezaji hupangana kwa mistari, wanaume kwao na wanawake kwao. Mtoto akizaliwa isukuti hupigwa, vijana wakitahiriwa hupigwa, arusi na matanga hupigwa. Jumamosi asubuhi, fahali wanapopelekwa uwanjani kupigana, isukuti hupigwa njia nzima. Mgeni akiulizwa alichokiona atasema ngoma. Atataja mabega, atataja kasi. Mara chache atamtaja yule anayeongoza kwa maneno, mwimbishaji, ingawa bila yeye ngoma tatu zile zingekuwa kelele tu za familia isiyo na habari ya kuambiana.

Mwimbishaji mzuri hafiki kwenye matanga na beti zilizokamilika kichwani. Hufika na masikio. Atataka kujua marehemu ni wa ukoo gani, mama yake alitoka kwa nani, alifanya kazi wapi, ni nani waliogombana na wakapatana kabla ya kifo, na ni nani ambao hawakupatana. Mzee mwenye heshima akifa, fahali huzungushwa bomani katika sherehe ya shilembe, na hapo maneno yanapaswa kumfaa mzee huyo na si mwingine. Kiitikio ni kile kile watu wanachokijua tangu utotoni. Mstari wa mbele ndio unaobadilika: mfupi, kwa kuwa waitikiaji wanasubiri kuingia, na wenye jina la mtu ndani yake, kwa kuwa bila jina hautamshtua yeyote.

Hapa kuna ufundi ambao mtunzi wa kalamu na karatasi angeuonea wivu. Waitikiaji wakiwa wanaitikia, mwimbishaji anatunga mstari unaofuata. Ana sekunde chache tu. Kiitikio ndiyo pumzi yake na ndiyo meza yake ya kuandikia. Mstari ukiwa dhaifu atajua papo hapo, maana sauti za watu zitalegea na mpiga ngoma kubwa atatazama pembeni. Ukiwa na nguvu, watu wataudaka, wataurudia, na yeye atalazimika kusubiri mpaka warudi kwake. Kwenye msafara wa fahali hali huwa kali zaidi, kwani kule mbele kuna fahali wa kijiji kingine na mwimbishaji wao, na kejeli iliyotupwa lazima ijibiwe kabla ya kufika uwanjani. Hakuna mhariri. Kuna umati.

Ndiyo maana nasema mtunzi wa maneno ya wimbo hutunga nusu. Nusu ya pili hutungwa na anayeitikia. Shinyalu mwitikiaji yupo umbali wa hatua mbili, anajua kila jina lililotajwa, na anajibu kwa koo. Katika sinema mwitikiaji yupo bara jingine, hajui neno hata moja, na anajibu kwa kunyamaza. Tofauti ni kubwa, lakini kazi ni moja. Hata katika vibanda vyetu vya video jambo hili lipo. Tumekulia kutazama filamu za kigeni kupitia mdomo wa DJ Afro, anayezungumza juu ya sauti za waigizaji, akiwapa majina ya mitaani na sababu za kupigana ambazo mwandishi wa filamu hakuwahi kuziwaza. Vibandani hakuna aliyelalamika kwamba ameharibu. Tulihisi filamu haijaisha kutengenezwa mpaka mmoja wetu aijibu.

Tukikubali hivyo, tunaweza kuona kwa nini isukuti inadhoofika mahali ambapo inaonekana kushamiri. Mwaka 2014 shirika la UNESCO liliiweka kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, kwa sababu waliobobea walikuwa wanazeeka na vijana wengi wanapendelea burudani nyingine. Watu wengi walistaajabu. Isukuti inakufa vipi, na shule zinashindana nayo kila mwaka katika tamasha la muziki, Bomas of Kenya huwachezea watalii, na mwanasiasa hawezi kushuka kwenye gari Kakamega bila kupokewa nayo?

Tazama kinachofanyika kwenye majukwaa hayo. Katika mashindano ya shule, maneno huandikwa kwenye daftari, mwalimu huyapitia, na watoto huyakariri mpaka yawe sawa kila siku. Majaji wamekaa mezani, wasikilizaji wametulia, na waitikiaji ni wale wale waliofanya mazoezi. Siwalaumu walimu hao. Bila wao watoto wengi wasingeshika ngoma kabisa, na mtoto aliyejua mapigo akiwa na miaka kumi hataogopa kuyapiga akiwa mtu mzima. Lakini mstari uliokaririwa haumngoji mtu. Kwenye mapokezi ya wakubwa hali ni nyingine: mstari hubadilika, ila kwa namna moja tu, jina la mgeni wa leo linachukua nafasi ya jina la mgeni wa jana. Mwimbishaji anayelipwa ili asifu hana ruhusa ya kukumbusha madeni.

Kwa hiyo ngoma, mchezo na mavazi vinaweza kupona huku maneno yakififia. Ngoma ikipasuka, fundi atachonga nyingine, mradi mti upo. Maneno yanahitaji kitu ambacho hakichongwi: kijiji ambamo watu wanajuana vya kutosha hata jina likitajwa wote washtuke pamoja. Kijana aliyekulia mtaa wa kupanga Nairobi na kuja Shinyalu kwa mazishi ya siku mbili atacheza vizuri sana. Mwimbishaji atamtajia babu mmoja, naye hatajua kama amesifiwa au ametaniwa. Ataitikia, kwa sababu kiitikio anakijua, lakini atakuwa anaitikia kama yule mtazamaji wa London, kwa hisia bila habari. Hilo si jambo baya, kwani hisia ni kitu. Ila mwimbishaji akizungukwa na waitikiaji wa namna hiyo tu, baada ya muda ataacha kutafuta habari, maana hakuna wa kuzipokea.

Lipo suala jingine, la jina la mtunzi, na hapa dunia ya filamu na jukwaa ina la kutufundisha, zuri na baya.

Mwingereza Tim Rice, aliyezaliwa 1944, labda ndiye mtunzi wa maneno ya jukwaa na sinema aliyefanikiwa kupita wote wa kizazi chake. Aliandika Jesus Christ Superstar na Evita pamoja na Andrew Lloyd Webber, kisha nyimbo za The Lion King ya 1994 pamoja na Elton John. Rice hapigi ala kwenye nyimbo hizo na haziimbi. Kazi yake ni maneno peke yake, na jina lake liko kwenye bango, kwenye mkataba na kwenye hundi. Moja ya nyimbo hizo ni "Hakuna Matata". Sisi maneno hayo tulikuwa tumekwisha kuyaimba tangu 1982 katika "Jambo Bwana" ya Them Mushrooms wa Mombasa, utunzi wa Teddy Kalanda Harrison, na kabla yake yalikuwa ya kila mtu. Kampuni ya Disney ikayasajili kama alama yake ya biashara kwa ajili ya mavazi, jambo lililozua malalamiko makubwa mwaka 2018. Maneno yaliyokuwa midomoni mwa watu wote yalipata mwenyewe mara tu yalipofika mahali penye karatasi.

Kwetu karatasi zimekuwa haba, na pale zilipo huzua ugomvi. "Malaika" ilirekodiwa na Fadhili William, ikaimbwa na Miriam Makeba, ikaimbwa na Boney M, na hadi leo wapo wanaoshikilia kwamba mtunzi ni Adam Salim. Wote wawili wamekwisha kufariki na ugomvi wao unaishi. Linganisha na "Kothbiro". Mwaka 2018 rapa wa Marekani Kanye West alitoa wimbo wa "Yikes" akitumia kipande cha rekodi ile ya Black Savage, na kwenye orodha ya watunzi wa "Yikes" yakaingia majina ya James Mbarack Achieng na Ayub Ogada. Miaka 40 na zaidi ilikuwa imepita. Mtindo ulikuwa umebadilika kabisa, na wengi waliousikia wimbo huo hawakujua hata kama lugha ile ni ya nchi gani. Majina yalifika kwa sababu mtu fulani aliyaandika.

Mwimbishaji wa Shinyalu hana bahati hiyo. Akirekodiwa na simu, video huwekwa mtandaoni ikiitwa ngoma ya isukuti, na utunzi huwa wa jadi. Sheria yetu ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na tamaduni imepiga hatua nzuri, kwani inaitambua jamii kuwa mwenye mali na kuzipa kaunti jukumu la kuweka daftari la mali hizo. Lakini jadi haikuamka alfajiri kuuliza jina la mama ya marehemu. Jadi haikufikiri, katika sekunde chache za kiitikio, namna ya kumtaja mwana mpotevu bila kumwaibisha mbele ya wajomba zake. Mtu mmoja ndiye aliyefanya hivyo, naye ana jina.

Wapo wazee watakaopinga, na hoja yao ni nzito. Watasema wimbo wa isukuti hauna mwenyewe. Ukianza kuandika majina utazua wivu, kesho mtu atamdai jirani kwa kurudia mstari wake arusini, na kitu kilichokuwa cha wote kitakuwa duka. Wana haki ya kuogopa. Wameona maneno mawili ya Kiswahili yakigeuzwa fulana zenye mwenyewe. Mimi pia singependa kuona mwimbishaji akimshtaki mwitikiaji.

Ila hoja ya nusu mbili inatusaidia hapa. Kiitikio ni cha jamii, na sheria ya jamii inakifaa. Hakuna anayejua aliyekianzisha, na hakuna haja ya kumtafuta. Mstari wa mbele ni wa aliyeutunga asubuhi ile, kwa ajili ya mtu yule. Kumtaja si kumpa shamba na kuliwekea ua. Wajaluo wanaorudia nyimbo za wapiga nyatiti wa zamani huzirudia kwa uhuru na bado husema hii ni ya fulani. Heshima na umiliki si kitu kimoja. Tunaweza kutoa ya kwanza hata pale tunapokataa ya pili. Na ikitokea siku moja mtu wa filamu akaja, akachukua sauti ile na kuiweka juu ya msiba wa wageni, itakuwepo karatasi ya kumwonyesha mlango wa kubisha.

Wala hatuhitaji kumngoja mtu wa filamu. Jumamosi yoyote kuna vijana wa Shinyalu wanaomfuata fahali na simu zao zikiwa juu. Wao ndio maktaba tuliyo nayo. Wapige picha fahali, ngoma na vumbi, lakini kabla ya kuiweka video mtandaoni waandike chini yake jina la aliyeimbisha, kijiji chake, na tarehe. Kisha wamwulize mtu mzima aliye karibu: huyu aliyetajwa ni nani, na kwa nini watu wamecheka? Jibu waliandike pia. Jina litamtunzia mwimbishaji nusu yake, na maelezo ya kicheko yatamtunzia mwitikiaji wa kesho nusu nyingine, asije akaitikia asichokijua.